Barua ya wazi kwa Bodi ya shule ya wanangu: usalama mtandaoni si kazi ya mzazi peke yake

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi,
Mkurugenzi,
Mwalimu Mkuu.

Waheshimiwa,

KUH: USALAMA WA WATOTO WETU MTANDAONI

Kwa heshima na taadhima. Mimi ni mzazi wa watoto wawili shuleni kwenu hapa Mombasa, mmoja Gredi ya 5 na mwenzake Gredi ya 8. Haya nitakayoyasema si mageni kwenu. Nimeyaandika kwenye shajara ya mtoto, nimeyaleta ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nikayasema mbele ya wazazi wenzangu katika mkutano wa muhula uliopita. Pale nikaambiwa niyaweke kwa maandishi, nikayaweka. Barua ile haijajibiwa mpaka leo, ndipo nikaonelea nizungumze hadharani. Jina la shule silitaji, kwa kuwa limeshonwa kwenye sare za watoto walewale ninaowatetea. Nyinyi mtajijua, na wazazi wenzangu watawajua.

Kila muhula hutuletea ujumbe wa kutukumbusha tusimamie simu za watoto nyumbani. Ni nasaha njema. Lakini matatizo yaliyotufika mwaka huu hayakuanzia kwenye simu aliyopewa mtoto kuchezea. Yalianzia kwenye picha iliyobandikwa na shule, grupu lililofunguliwa na shule, kazi iliyotolewa na shule. Mnatutaka tulinde madirisha, na mlango mkuu mmeuacha wazi nyinyi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Picha, majina na alama za watoto kwenye Facebook

Ukurasa wa shule uko wazi kwa yeyote duniani. Ndani yake mna picha ya mtoto, majina yake matatu, gredi yake, jina la mwalimu wa darasa na alama alizopata. Wanaopanda basi wamepigwa picha wakiwa kwenye foleni, na kituo chao kinatambulika. Mna hata picha za mashindano ya kuogelea, watoto wa miaka tisa na nguo za kuogelea, na nilipoziangalia zilikuwa zimesambazwa na akaunti za watu wazima ambao hakuna mzazi anayewajua.

Mnasema ni tangazo. Sawa, shule za binafsi zinashindana na kila Januari wazazi hutafuta nafasi. Ila mtu akikaa jioni moja akaupitia ukurasa ule, ataondoka akimjua mtoto kuliko anavyomjua shangazi yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa Gredi ya 5. Alipigiwa simu saa nne asubuhi akaambiwa mwanawe ameanguka kwenye ngazi, wako naye hospitali, atume pesa za eksirei haraka kwa M-Pesa. Aliyepiga alilitaja jina la mtoto lote, darasa lake, jina la mwalimu wake na basi analopanda. Nani kati yetu asingetuma? Mtoto alikuwa darasani anaandika Insha.

Sheria nayo haikunyamaza. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, tena kinataka haki na maslahi ya mtoto yalindwe. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kubandika picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Najua mtasema idhini mnayo: ule mstari wa chini kabisa wa fomu ya kujiunga, unaosema mzazi anakubali "shughuli zote za shule". Idhini inayotambuliwa na sheria hii ni ya hiari, ni mahususi, inatolewa na mtu anayejua anachokikubali, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Nilikubali mwanangu apelekwe Fort Jesus na wenzake. Sikukubali awe bango.

2. Magrupu ya WhatsApp ya madarasa, na yaliyotokea Gredi ya 8

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, nami nitalieleza kwa urefu.

Grupu la darasa lilianza likiwa la wazazi. Kisha, kwa kuwa baadhi yetu hatukuwa tukifikisha kazi za nyumbani kwa wakati, namba za watoto zikaongezwa. Linki ya kujiunga ikabandikwa, ikasafiri huku na kule. Linki ile haimuulizi mtu yeye ni nani. Aliyenayo huingia, na akishaingia anaziona namba zote.

Muhula uliopita aliingia mtu kwa namba isiyojulikana na yeyote. Picha yake ilikuwa nembo ya shule, ambayo kila mtu anaweza kuichukua kwenye ukurasa wenu. Hakuandika neno grupuni. Aliwafuata watoto inboksi mmoja mmoja, akajiita mwanafunzi mpya, akaomba asaidiwe kazi ya Hisabati. Baada ya siku chache akawa anawatumia wavulana almasi za mchezo wa simu wa Free Fire na wasichana bando. Kisha akaanza kuomba picha, kwanza ya uso, halafu za namna nyingine. Wanaochunguza uhalifu wa aina hii wanaijua njia hiyo: zawadi ndogo, siri ndogo, kisha vitisho vya kuisambaza picha ya kwanza ili ipatikane ya pili.

Msichana mmoja alimwambia mwalimu. Naomba hapo msome polepole. Alimwambia mwalimu, yaani alifanya lile hasa ambalo kila bango la usalama humtaka mtoto alifanye. Akaulizwa ni nani aliyemruhusu kumjibu mtu asiyemjua. Akaamriwa ayafute mazungumzo palepale, mwalimu akitazama. Namba ikatolewa grupuni, na jioni wazazi tukapokea ujumbe kwamba "suala limeshughulikiwa".

Limeshughulikiwa vipi? Kumtoa mtu grupuni hakumzuii kuendelea kuongea na watoto ambao namba zao keshazichukua. Namba ile na maneno yale ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Laini za simu nchini husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo mpelelezi mwenye namba ana pa kuanzia. Mpelelezi aliyeletewa simu iliyosafishwa hana. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinaweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 25 kwa anayeshughulika na picha za ngono za watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imeutaja waziwazi unyanyasaji wa mtandaoni. Na Waraka Namba 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) unamtaka mwalimu anayejua kuhusu dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti. Kuficha kwenyewe ni kosa la nidhamu. Sasa nyinyi, kwa jambo la uzito huo, mlitumia kitufe cha kufuta.

Sidai kwamba mwalimu yule alikuwa na nia mbaya. Nadhani alitaharuki, na hakuwa na karatasi yoyote ya shule ya kumwelekeza afanye nini. Hapo ndipo lawama inapopanda kutoka kwake hadi kwenu. Binti yangu yuko darasa lile. Ananiambia wenzake wameshaamua: likitokea tena, hawamwambii mtu.

3. Ujumbe wa mwalimu kwa mtoto saa za usiku

Wapo walimu wanaowaandikia wanafunzi moja kwa moja, wakati mwingine saa nne usiku. Jumbe nilizoziona zilikuwa za masomo na sina shaka na waandishi wake. Lakini shule isiyo na kanuni haina namna ya kumtofautisha mwalimu mwema na asiye mwema mpaka maji yamwagike, na mwalimu mwema siku akisingiziwa hana pa kushika. Kanuni ingemlinda yeye kwanza.

4. Video za kazi za nyumbani

Mtoto wa CBE, mtaala wetu wa umilisi, hupewa kazi ya kupika chapati, kupanda sukumawiki, kukariri shairi, na mzazi atume video. Sina ugomvi na mtaala. Chapati za mwanangu zimeanza kuliwa. Ugomvi wangu ni hizo video zinakokwenda, maana zinakwenda kwenye simu binafsi ya mwalimu. Ndani yake yumo mtoto na nguo za nyumbani, jiko letu, sebule yetu, mlango wetu, na nyuma pengine dada yake aliyevua mtandio kwa kuwa yuko kwao. Mwalimu akihama shule anahama nazo. Simu ikipelekwa kwa fundi, ikiibwa au ikiuzwa, zinakwenda nayo. Nilipouliza video za mwaka jana ziko wapi, hakuna aliyeweza kunijibu.

5. Maabara ya kompyuta

Nywila ya waifai imeandikwa ukutani, na kompyuta hazina kichujio cha aina yoyote. Sina zaidi ya hapo.

Sasa niseme kuhusu majibu ambayo tayari nimeyasikia ofisini kwenu, ili tusirudie.

La kwanza ni kwamba wazazi ndio wanaonunua simu. Kweli. Lakini shuleni kwetu wapo watoto, wala si wachache, ambao mama zao wako Saudia, Qatar au Oman kwa kazi za nyumbani. Simu ile haikununuliwa kwa anasa. Ndiyo njia ya kumwona mama baada ya maghribi, akimaliza kazi za watu. Mtoto analelewa na nyanya yake, ambaye anajua kupokea simu na kutuma salamu za sauti, basi. Huyo ndiye mnayemwandikia ujumbe wa Kiingereza kwamba ahakikishe "mipangilio ya faragha" iko sawa. Na mkimwambia amnyang'anye mtoto simu, mnamwambia amnyang'anye mama.

La pili ni marufuku: hakuna simu, hakuna tatizo. Simu shuleni zilikwisha kukatazwa zamani, na yote niliyoyaeleza yametokea. Kuna wazazi wenzangu wanaotamani tufanye kama Australia, ambako sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii ilianza kutumika Desemba 2025. Nawaomba waisome vizuri. Adhabu za sheria ile zinaziangukia kampuni zenye mitandao. Mtoto na mzazi hawatozwi chochote. Hata huko waliona mzigo umwendee mwenye nguvu. Katika jambo letu hili mwenye nguvu ni shule.

La tatu ni bajeti. Kuondoa picha ni bure. Kuzima linki ya grupu ni bure, na kuliweka grupu wasimamizi tu ndio waandike ni bure vilevile. Hata kichujio cha maabara: kampuni ya Cloudflare inatoa bila malipo huduma ya DNS, yaani ile inayoielekeza kompyuta kwenye tovuti, na hii inazuia kurasa za ngono na zenye virusi. Kazi yenyewe ni kuandika 1.1.1.3 mahali pa DNS kwenye ruta, na aliyewafungia intaneti anaweza kuifanya kabla chai yake haijapoa. Haitazuia kila kitu. Itazuia yale ambayo mtoto wa Gredi ya 3 anakutana nayo kwa kukosea herufi moja.

Na la nne, ambalo halikusemwa kwa maneno ila nililiona usoni: mbona wengine hawalalamiki? Wanalalamika. Wananipigia mimi, kwa sababu wana karo ya muhula ambayo hawajaimaliza na wanaona haya kuja ofisini.

Ninachoomba, Waheshimiwa, kifanyike kabla muhula ujao haujafunguliwa:

(a) Picha zote zinazomtambulisha mtoto kwa jina, darasa, alama au kituo cha basi ziondolewe, na za kuogelea ziondolewe leo. Kisha kila mzazi apewe fomu ya peke yake ya idhini ya picha, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayotenganisha mambo: albamu ya shule, ubao wa matangazo ndani ya shule, Facebook. Atakayekataa, mtoto wake asitengwe wala asisimamishwe pembeni wakati wa picha ya darasa.

(b) Namba za watoto zitolewe kwenye magrupu yote. Wabaki wazazi na walezi, linki izimwe, na anayetaka kuingia aidhinishwe na mwalimu wa darasa baada ya kuhakikiwa.

(c) Pawe na kanuni ya maandishi ya mawasiliano ya walimu na wanafunzi: hakuna inboksi kati ya mwalimu na mtoto, yote yapitie kwa mzazi au mlezi. Video za kazi zipokelewe kwenye simu au akaunti ya shule, na zifutwe muhula ukiisha.

(d) Wateuliwe walimu wawili, wa kike na wa kiume, ambao mtoto akipatwa na jambo mtandaoni atakwenda kwao, na majina yao yajulikane na kila mtoto. Hatua zao ziandikwe na kubandikwa ofisini: mtoto asikemewe, mazungumzo yasifutwe, namba na tarehe ziandikwe, mzazi aarifiwe siku hiyohiyo. Kama kuna picha ya utupu ya mtoto, isitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa Mwalimu Mkuu, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi, kwa kuwa kuisambaza kwenyewe ni kosa. Simu yenyewe ipelekwe polisi. Wapo maafisa wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) wa kitengo cha ulinzi wa watoto wanaoshughulikia mambo haya, na namba 116 ya Childline Kenya inapokea simu bila malipo usiku na mchana, ya mtoto au ya mtu mzima.

(e) Yule msichana wa Gredi ya 8 aombwe radhi na shule, yeye na mamake, faraghani. Sitaki litangazwe. Nataka lifanyike. Na lile shauri lipelekwe polisi hata sasa, maana watoto wengine huenda bado wana mazungumzo yao kwenye simu zao.

(f) Uitwe mkutano wa wazazi Jumamosi, si siku ya kazi, uendeshwe kwa Kiswahili, na nyanya na mashangazi waalikwe kwa jina. Waje na simu zao. Waonyeshwe mkononi jinsi ya kuweka WhatsApp ili mtu asiye kwenye orodha yao asiweze kumwingiza mtoto grupuni, jinsi ya kumzuia mtu na kumripoti, na jinsi programu ya Family Link ya Google inavyomwezesha mtu mzima kuona mtoto anapakua nini na kuifunga simu saa ya kulala. Muiteni pia Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo.

Kwa upande wetu wazazi, nimezungumza na wenzangu wa Gredi ya 5 na ya 8 na tumekubaliana mambo machache. Simu za watoto zitalala sebuleni. Akaunti za TikTok na Facebook za walio chini ya miaka 13 zitafungwa, kwa kuwa mitandao hiyo yenyewe inawakataza. Na mtoto akija na habari mbaya hatapigwa wala kunyang'anywa simu kwa sababu ya kusema. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na baadhi ya akina baba wamelikubali kwa shingo upande. Lakini wamelikubali.

Muhula ukifunguliwa na picha bado ziko pale, nitawasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kwa mujibu wa sheria inatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90. Nisingependa tufike huko. Karo yenu ikiishia kwenye faini ni karo yetu.

Niko tayari kuja mnapotaka, asubuhi au jioni, pamoja na wazazi wawili watakaochaguliwa na wenzao, na ningependa majibu yawe ya maandishi.

Wenu katika malezi,

Mzazi, Gredi ya 5 na Gredi ya 8
Mombasa

Nakala kwa:
Mwenyekiti, Chama cha Wazazi
Afisa wa Watoto wa kaunti ndogo